Mvua ya Jumanne, Siku ya Alhamisi

"Washa tena," Callixte aliniambia. "Nataka nisikie mwanzo wake kabla sijaenda."

"Umeusikia mara tatu."

"Ya nne basi. Béa, tafadhali."

Nikawasha. Sauti yake ikatoka kwenye spika ndogo ya studio, tulivu, nzito kidogo, ile sauti iliyoninyima usingizi tangu aliposhuka bungeni akaja kwetu redioni. "Ni saa saba kamili hapa Bujumbura, leo Alhamisi, na mimi ni Callixte. Karibuni tuulizane." Uongo mtupu. Tulikuwa tumerekodi Jumanne mchana, na saa ya ukutani ilisema saa sita na robo.

"Watu wataamini?"

"Hata mimi ningeamini, na ni mimi niliyebonyeza."

Alicheka. Nami nikacheka, lakini mikono yangu nilikuwa nimeikalia ili asiione inavyotetemeka. Jamani, nisiwadanganye, siku ile niliogopa tangu nilipofumbua macho. Wanawake wengine siku ya kuombwa posa husuka nywele na kupaka mafuta. Mimi nilikuwa nimefungiwa katika chumba chenye trei za mayai ukutani na bati juu ya kichwa, nikipanga jinsi mchumba wangu atakavyotoroshwa ndani ya gari la mikate.

Papa ndiye aliyetufikisha huko. Papa wangu, Mzee Mugisho, fundi cherehani, mtu wa kabila la Washi wa Bukavu, Kongo, aliyeingia Bujumbura na sindano moja mfukoni, hakumtaka Callixte hata kidogo. Nilipomtajia mara ya kwanza aliweka mkasi chini, jambo ambalo halifanyi hata kanisa likiungua.

"Mwanasiasa?" akasema. "Apana, mama. Wakati alikuwa mubunge alikuwa na maaskari wawili mulangoni, na mi niliogopa. Sasa ameacha kiti, maaskari wamerudia kambini, amebakia na mikro tu. Mikro inazuia risasi?"

"Papa, anauliza maswali tu."

"Ndiyo vile vinaua watu hapa, maswali. Na siku ile alikuja kunywa chai nilimuuliza, we unaogopa? Akaniambia apana, mzee, siogopi. Mutu asiyeogopa, mama, ni wengine ndio wanakufa juu yake."

Nililia wiki mbili. Mwishowe Papa akachoka na machozi yangu, akataja siku na saa. Callixte aje na watu wake kuomba, lakini aje Alhamisi, saa saba. Si Jumatano, si Ijumaa. Alhamisi saa saba ndiyo saa ya emisio, kipindi cha Callixte, na mji mzima unajua.

"Akikuja, nitajua anakupenda," Papa alisema. "Asipokuja, abakie na redio yake."

Callixte alipolisikia hilo hakukasirika. Akazungusha kalamu yake, halafu akasema, "Turekodi Jumanne." Tukaona tumepata akili. Mtoto wa watu aende kuoa, redio iendelee, na ile Korola nyeupe isiyo na namba, iliyokuwa ikisimama mbele ya duka la fotokopi, mkabala na redio, kila Alhamisi kwa wiki tatu, ibaki inamngoja mtu ambaye hayumo. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, nasi tulijiona tumekwisha rejea kabla hata ya kuondoka.

"Nipe simu yako," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Ikilia mbele ya Papa umekwisha. Leo hata kukohoa, usikohoe."

Ndiyo desturi. Anayeoa hasemi, husemewa. Mjomba wake, Astère, ndiye angesema kila kitu, na yeye angekaa kama gunia la maharagwe, macho chini. Hebu fikiria, Callixte aliyewatoa jasho mawaziri, amenyamazishwa na fundi cherehani wa Gasenyi mwenye mlango wa buluu. Akanipa simu, nikaitia kwenye droo yangu. Kwa Papa hakukuwa na simu. Waya wa mtaa ule ulikatika wakati wa vita vya mwaka jana, na hakuna aliyekuja kuuunga.

Akanishika mkono, ule niliokuwa nimeukalia.

"Unatetemeka."

"Nimesoma ile barua, Callixte."

Akaacha kutabasamu. Alikuwa ameificha ndani ya daftari lake, akidhani fundi wa sauti hafungui madaftari. Ilikuwa ya tatu. Mistari miwili tu: *Onorable, tunajua unatoka saa nane. Tukikukosa pale, tunajua pia ule mulango wa buluu wa Gasenyi kwenye unakunywaka chai.*

"Ni vitisho tu," akasema.

"Huogopi?"

"Mi? Apana."

"Ulivyomjibu Papa vilevile."

"Béa." Alinisogelea mpaka nikasikia harufu ya sabuni kwenye shati lake, shati jeupe alilopiga pasi mwenyewe, na mkunjo mmoja umemshinda begani. "Bungeni nilikaa miaka saba. Nilikuwa naulizwa, najibu nisichoamini, nalala, naamka, najibu tena. Nilikuwa ninaogopa kila siku, na woga ule haukunipa hata mutu mumoja wa kushika mukono. Sasa nakuangalia kwa kile kioo cha studio unahesabu na vidole, tano, nne, tatu, na roho yangu inatulia. Acha niende nikuombe."

Nilimnyoosha ule mkunjo kwa kiganja. Akanitazama, sikuweza kumtazama. Massoudi, mlinzi wetu wa geti, akagonga dirisha la nyuma: gari la mikate limefika. Callixte akalala chini katikati ya makreti, Massoudi akamfunika na maturubai, na nilichobaki nacho ni harufu ya sabuni na simu ndani ya droo.

Saa saba kamili nilibonyeza.

Direkta wetu, Népomuscène, mtu mwema ila mwoga kuliko kuku, alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Peke yake kati ya wakubwa ndiye aliyejua. "Inaenda vizuri," akasema. "Inaenda vizuri, Béatrice." Alisema hivyo mara nne. Kwenye dirisha niliiona ile Korola mahali pake, kioo kimeshushwa, na nilijua wana redio ndani maana mara nyingine sauti ya Callixte ilikuwa inarudi kwetu kutoka barabarani. Jua lilikuwa kali hadi lami inameremeta. Nikawaza, ngojeni tu, ngojeni mpaka mkauke.

Dakika ya kumi ikapita. Nikaanza kupumua. Nikamwona Papa akilini, ametandika kitambaa cha meza, chai ya maziwa kwenye chupa, na Callixte ameinamisha kichwa. Nikatabasamu peke yangu kama mpumbavu.

Ndipo mvua ikaanza kunyesha.

Si nje. Ndani ya spika. Kwanza matone mawili matatu, halafu bati zima. Mungu wangu! Jumanne ilinyesha. Ilinyesha, nami nilikuwa pale pale kwenye kiti hiki, headfoni masikioni, na sikuisikia! Msimu wa mvua redio yetu yote ni mvua, kila emisio ina mvua yake, wasikilizaji wamezoea na sisi tumezoea, hakuna anayesimamisha mashine. Masikio yangu yalikuwa yameiacha ipite kama mtu anavyoacha mlio wa friji. Kwa kweli Jumanne ile masikio yangu hayakuwa na kazi nyingine isipokuwa sauti ya Callixte. Kosa lilikuwa langu, langu peke yangu.

"Ni nini hiyo?" Népomuscène akauliza.

"Mvua, mesie."

"Mvua gani? Kuko jua!"

Nikashusha sauti za chini, nikashusha za juu, mvua ikabaki. Halafu nikakumbuka kitu kingine. Yule mgeni tuliyemhoji, mheshimiwa mwenye kicheko kikubwa, alikuwa amesema neno. Kabla sijapata kukata, akalisema mji mzima ukisikia: "Kwa mvua hii, bwana Callixte, sijui kama dereva wangu atapita!"

Nikatazama dirishani.

Mkono ulikuwa umetoka kwenye kioo cha ile Korola. Mkono tu, na saa ya dhahabu kwenye kifundo. Kiganja kilifunguliwa juu, kikakaa hivyo, kinangoja tone. Jua likakipiga. Mkono ukarudi ndani taratibu, na injini ya gari ikawashwa.

Massoudi akaingia mbio bila kugonga. "Wameondoka! Wamepandisha upande wa Kamenge!"

Upande wa Kamenge ndio upande wa Gasenyi. Kwa bariyeri za askari barabarani siku zile, dakika ishirini. Labda kumi na tano kwa watu wasiosimamishwa.

"Tupigie polisi," Népomuscène akasema.

"Polisi gani? Na watafika lini?"

"Mupigie Callixte!"

Nikafungua droo, nikamwonyesha simu. Akashika kichwa. Papa hana simu. Astère hana simu. Jirani hana simu. Kitu kimoja tu kilikuwa kinaingia ndani ya nyumba ile dakika hiyo hiyo, nilikijua kama ninavyojua jina langu, kwa sababu Papa anayemkataa Callixte hakuwahi kukosa emisio yake hata siku moja. Lazima aliwasha redio. Lazima aliwasha ili ahakikishe kwamba mkwe amekosa kazini.

Lakini wale wa kwenye gari nao walikuwa wanasikiliza.

"Béatrice, unafanya nini? Béatrice, hatukati emisio katikati!"

Nilikwisha simamisha mashine. Sijawahi kusema redioni. Mimi ni vidole, mimi si mdomo. Nikavuta mikro ya komunike, ile tunayosomea matangazo ya wagonjwa na matanga, nikabonyeza, taa nyekundu ikawaka, na sauti iliyotoka sikuitambua.

"Tunakatisha kidogo kwa tangazo la familia. Mama Nabintu, wa Ruziba, anamuarifu mume wake kama hali yake imekuwa mbaya sana. Anaomba yeye na wageni wote wenye wako kwa nyumba wakuje kwake sasa hivi. Wasingoje chai. Wasichukue kitu. Wapite nyuma, njia ya mashamba. Nasema tena: Mama Nabintu wa Ruziba anamuita mume wake. Sasa hivi."

Nikazima mikro, nikarudisha mkanda. Mvua ya Jumanne ikaendelea.

"Nabintu ni nani?" Népomuscène akanong'ona.

"Ni mama yangu."

"Pole sana. Ni mugonjwa?"

"Alikufa miaka mitatu imepita, mesie. Amezikwa Ruziba."

Akakaa chini, sakafuni, na suti yake yote.

Wapendwa, mmewahi kungoja? Simaanishi kungoja gari wala kungoja barua. Nilikaa pale dakika thelathini na tano nikisikiliza mpenzi wangu akiuliza maswali mazuri, akicheka, akisema "ngoja kwanza, mheshimiwa, hujanijibu", na sikujua kama mdomo uliosema hayo bado unapumua. Nilimwomba Mungu, nikamwomba mama msamaha kwa kumtumia hivyo. Mama alikuwa hapendi uongo.

Saa nane kasoro dakika kumi simu ikalia ndani ya droo.

Nikaipokea.

"Onorable," mtu akasema, kwa upole, kama anayeongea na rafiki. "Tumekunywa chai yako. Ilikuwa bado moto." Akakata.

Nililia kwa sauti, Massoudi akadhani wamekwisha. Nikashindwa kumweleza. Kama wanampigia, basi hawako naye! Chai ilikuwa moto, watu hawamo! Lakini Papa je? Papa ana mguu mbovu. Hawakusema kitu juu ya Papa, na kutosema kwao ndiko kulikonitisha.

Sikupitia Gasenyi. Kama wangekuwa hai, wangekuwa mahali mama alipowaita, namjua Papa. Nikachukua taksi hadi Ruziba, nikamwambia dereva afunge redio, na njia nzima, ziwa upande mmoja na mashamba ya michikichi upande wa pili, nilikuwa nahesabu kwa vidole. Tano, nne, tatu. Nikifika moja naanza upya. Nilipoanza kupanda kijia cha makaburini nilifumba macho, na hatua kumi za mwisho nilizitembea hivyo hivyo, kipofu.

"We mutoto, utaanguka," Papa akasema.

Alikuwa amekaa chini kando ya kaburi la mama, mguu mbovu ameunyoosha, futi yake ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Mjomba Astère alikuwa amekaa kando na koti limechanika mgongoni. Na Callixte alikuwa amesimama, lile shati jeupe limejaa matope hadi kola, hana kiatu kimoja. Hakunisalimu. Macho yake yalikuwa mekundu, yakanishika na kunishikilia, lakini mdomo ameufunga.

"Callixte! Sema kitu!"

"Hawezi," Mjomba Astère akanijibu. "Tungali kwenye kuomba. Baba yako hajatoa jibu."

"Mjomba, sasa hivi ni wakati wa desturi?"

"Muulize baba yako."

Papa alikuwa anang'oa majani kaburini. "Nilikuwa nimefungua redio," akaanza polepole. "Namuangalia huyu, amekaa mbele yangu. Nasikia huyu, anasema ndani ya redio. Nikamuambia Astère, leo nimeletewa wakwe wawili, nimupe nani mutoto?"

"Papa..."

"Ngoja. Nilikuwa nataka kuwafukuza. Mulinidanganya, mama. Nilisema achague, na yeye akachukua vyote viwili. Nikasimama, kidole nimenyoosha mulangoni. Halafu nikasikia sauti yako, na jina la muke wangu." Akakohoa. "Nikajua. We hauwezi kucheza na jina ile. Nikawaambia, muke wangu ananiita, tuende."

"Aligoma kuacha cherehani," Astère akasema.

"Ni ya 1961! Nilikuwa naibeba. Huyu akaninyang'anya, akaitupa, akanibeba mimi. Akanibeba mugongoni kama mutoto, ndani ya mifereji, ndani ya mihogo ya watu, mpaka tukapata gari ya kutuleta huku. Tulisikia wanavunja ule mulango wa buluu. Niko mugongoni kwake, kifua changu kwa mugongo yake, nikasikia moyo yake inapiga." Papa akainua mkono wake, akapiga kifua mara nyingi, haraka haraka. "Vile. Nikamuuliza kwa sikio, we, unaogopa? Na desturi akaivunja hapo. Akanijibu."

"Alikujibu nini?"

"Mwenyewe aseme. Sema sasa, mwanangu. Nimekuruhusu."

Mwanangu. Nililisikia neno hilo, nikakaa kwenye majani. Callixte akapiga magoti mbele yangu. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kuliko yangu ya kule studio, wala hakuikalia.

"Nilimuambia ninaogopa," akasema. "Mpaka nashindwa kumeza mate. Béa, ningekuwa nimemuua baba yako. Kwa sababu ya maswali. Nina swali moja tu limebakia, na nitafanya vile utasema. Niache redio?"

Hakuna aliyesaidia. Papa aliendelea kung'oa majani, Astère akatazama ziwani. Nilitaka kusema ndiyo. Wallahi ndiyo ilikuwa kwenye ulimi, tamu kama asali: acha, twende Uvira, twende popote, uuze hata chumvi. Nikamtazama yule mtu mwenye kiatu kimoja, nikaiwaza ile miaka saba aliyokaa anajibu asichoamini na hana wa kumshika mkono. Ningempata hai na ningeipoteza ile sauti, na nisingejua ninaishi na nani.

"Hatutasema tena kwamba tuko hewani moja kwa moja," nikasema. Nililia huku nasema. "Tutarekodi, na tutawaambia watu tumerekodi. Kila siku saa nyingine, mahali pengine. Hakuna atakayejua uko wapi. Na mvua ikianza nitasimamisha mashine, nakuapia, hata kama mgeni ni nani."

"Na kama haisimami?"

"Tutafunga madirisha."

"Madirisha haitoshi," Papa akasema. "Ile bati yenu naisikiaka. Inataka pazia nzito, juu na pembeni."

Tukageuka sote. Alikuwa amejivuta akasimama kwa kushika msalaba wa mama, na ile futi ameshaitoa shingoni, ameinyoosha kati ya mikono miwili.

"Cherehani nitaazima kwa Dévote wa sokoni," akasema. "Chumba chenyewe ni mita ngapi?"